Ujumbe wa Mdogo Wangu Umejifuta, Sauti Iliyobaki ni Yangu

Ndugu wafuatiliaji wa ukurasa huu, nawasalimu. Jina langu admin alifiche vizuri, maana huku kwetu Tinde nikikohoa tu watu wanajua ni nani. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, nina mke, watoto na ng'ombe wa kutosha. Shule niliishia darasa la tano, ila maisha nimeyasoma hadi chuo kikuu. Machimbo ya Geita yote nimeyakanyaga. Mwamba uliwahi kunifunika shimoni, nikausukuma kwa mgongo, mchana nikala ugali kama kawaida. Chui aliwahi kunipisha njia. Lakini leo nimechoka, wenzangu. Hata kujisifu kunanichosha.

Mimi na mdogo wangu, ambaye sasa ni marehemu, tulikuwa na duara letu, yaani shimo letu la dhahabu, huko Geita. Mchimbaji anayejua kazi hatangazi duara likitema dhahabu. Ukitangaza, kesho unakuta wageni wamejaa kama nzi na mwenye shamba kabadilisha masharti. Kwa hiyo mdogo wangu akatuwekea kwenye simu ile programu ya meseji zinazojifuta. Ukishasoma au kusikiliza, baada ya muda kidogo inapotea, kwako na kwake. Kijiweni nilitamba sana, nikawaambia hata waje na mitambo ya Ulaya hawataambulia kitu.

Mdogo wangu akaugua kifua, vumbi la mawe lile, akalazwa Kahama. Akiwa kitandani akanitumia ujumbe wa sauti kwa njia yetu ileile, kwa mazoea tu. Alikuwa anahema kwa shida. Akasema nyumba yake ya Nyasubi, hapohapo Kahama, ni ya mke wake, Mama Kulwa, na watoto. Akasema kaka yetu mkubwa aliandikwa tu kwenye karatasi za kiwanja kwa sababu siku ya kununua yeye mwenyewe alikuwa shimoni, na kaka analijua hilo. Nikamjibu, "Usijali, utapona, utakuja kuyasema mwenyewe." Nikatia simu mfukoni, nikaenda kunywesha ng'ombe. Ujumbe ukajifuta. Kesho yake nikiwa najiandaa kwenda kumwona, nikapigiwa kwamba amefariki.

Matanga yalipoisha, kaka mkubwa akasema nyumba ni yake, Mama Kulwa afungashe arudi kwao. Nikasimama mbele ya ukoo nikayasema niliyoyasikia. Kaka akanitazama kama anatazama mlevi.

"Huo ujumbe uko wapi?"

"Umejifuta."

"Umejifuta!" Watu wakaangua kicheko, tena msiba bado mbichi. "Si wewe uliyepishwa njia na chui? Leo umetuletea marehemu. Kaa chini, wewe redio."

Nikakaa. Jamani, mimi nimesema mambo mengi maishani, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Siku hiyo nilikuwa na neno moja la kweli, na nikakosa hata mtoto wa kuniamini.

Nikaipeleka simu kwa fundi pale Kahama mjini. Akaigeuza geuza, akanirudishia. "Mzee wangu, hii haitoki. Ingekuwa meseji ya kawaida ningekuhangaikia. Hizi zimetengenezwa zisirudi."

Nilipofika kumpa Mama Kulwa majibu, nikamkuta anakunja nguo za watoto, anazitia kwenye mfuko wa salfeti. Hakulia. Akaniambia, "Shemeji, nyie sauti yenu ni moja. Hata mama mkwe akiwapigia simu alikuwa anauliza, 'Wewe ni yupi?' Irudie basi. Maneno si ni yake?"

"Mama Kulwa, huo utakuwa uongo."

"Uongo wa bure umeusema miaka yote, shemeji. Huu una watoto ndani yake."

Nikarudi Tinde, nikaingia zizini na simu, nikahema kama alivyohema, nikajirekodi. Kusikiliza, nakuta nimeongeza, "Kaka yangu huyu ni shujaa." Nikafuta. Nikarudia, mara nasikia marehemu anasema pikipiki yake apewe baba mkubwa wa watoto, yaani mimi. Sijui lilitokea wapi, mdomo wangu umezoea. Nikafuta tena. Mwisho nikasema la nyumba tu, na la kaka kuandikwa karatasi, basi.

Nikaicheza. Mke wangu alikuwa anapita nje na ndoo ya maziwa. Ndoo ikaanguka, akaliita jina la mdogo wangu kwa nguvu, akaja mbio hadi mlangoni pa zizi. Aliponiona niko peke yangu na simu mkononi, akaketi chini kwenye maziwa yaliyomwagika.

Tangu siku hiyo, nikijaribu kuukumbuka ujumbe wake wa kweli, nausikia huu wangu. Ule wa kwake unanitoka.

Kikao cha ukoo cha kuamua nyumba ni Jumamosi hii. Nikiicheza sauti, Mama Kulwa na wanawe watabaki kwenye nyumba yao, lakini wosia wa mdogo wangu nitakuwa nimeutunga kwa koo langu, na kaka akigundua, hata ile haki kidogo ya mjane itaitwa uongo. Nikinyamaza, mfuko ule wa nguo unatoka mlangoni.

Wenye busara zenu, nishikeni mkono, nimeishiwa. Niende na simu, au niende na mdomo wangu huu?