Kikombe cha Mkono wa Kulia

Nilianguka sokoni Garsen asubuhi, kopo la kupimia maziwa likiwa mkononi. Kopo lilinitoka kwanza, maziwa yakamwagikia viatu vya mteja wangu wa siku zote, mwanamke wa Kipokomo mwenye hoteli ya chai. Nikataka kumwomba radhi, ulimi ukagoma. Hasira zangu zinajulikana soko zima, basi akadhani nimenuna, akacheka.

"Leo umekasirika mpaka unanimwagia?"

Kisha mguu wa kulia ukaisha nguvu. Nikajikuta chini katikati ya madumu yangu, naye akaacha kucheka. Alisema nipelekwe hospitali. Wenzangu wauza maziwa, Waorma kama mimi, wakanipeleka nyumbani kwa mama.

Kwetu wafugaji, mtu akianguka ghafla hupewa samli ya moto kwanza, mengine baadaye. Mama alikuwa mzee, macho yake yakiona vivuli tu. Aliyeyusha samli ya ng'ombe wake mwenyewe, akaniweka kichwa pajani, akanimiminia kinywani. Nyingine ilitoka pembeni mwa mdomo, nyingine ikaingia njia ya pumzi, nikakohoa mpaka nikajua nakufa. Yeye alidhani napata nguvu, akaongeza. Siku mbili nilinyweshwa hivyo, kwa mapenzi yote, mpaka homa ikanishika na kifua kikaanza kukoroma. Ndipo kaka yangu akatafuta gari.

Daktari alisema ni kiharusi. Damu ilikuwa imeganda na kuziba mshipa kichwani, na zile saa za mwanzo ndizo zingenisaidia zaidi. Hakumlaumu mtu. Lakini mama alikuwa amekaa pale, na kaka akamtafsiria kwa Kiorma neno kwa neno. Kaka sijamsamehe hadi leo. Kuna maneno mtu huyameza.

Niliporudi nyumbani, ulimi ulikuwa umeanza kurudi, mzito. Mguu nilikuwa nauburuta. Mkono wa kulia ulilala tu pajani, nikiuona kama mgeni asiyetaka kuondoka. Na tangu nikiwa msichana, mkono huo ndio uliompa mama kikombe cha kwanza cha maziwa kila asubuhi. Kwetu hatumpi mtu chakula kwa kushoto, sembuse maziwa, sembuse mama. Nilimpelekea kwa kushoto, haya zimenijaa. Akapapasa, akajua.

"Nisamehe, mama. Wa kulia haujaamka."

"Haujaamka kwa sababu yangu," akasema. "Maziwa sitakunywa mpaka unipe kwa huo huo."

Nilidhani ni maneno ya siku moja. Wiki zikapita, akinywa chai ya rangi na kumega ugali kidogo, mtu aliyeishi kwa maziwa maisha yake yote. Mashavu yakabonyea. Kaka alimbembeleza. Mimi nilimfokea, halafu nikalia kwa kumfokea. Najua hakutaka kunitesa. Alikuwa anajiadhibu, na fimbo aliyojichapia ilikuwa mkono wangu.

Nikafanya mazoezi niliyofundishwa hospitalini kama mtu aliyerukwa na akili. Nilifinya kitambaa, nikaokota punje za mahindi, zikaanguka, nikazitukana, nikaokota tena. Siku kidole gumba kilipotikisika nilikitazama asubuhi nzima, nisiwaambie watu. Niliogopa kitaacha.

Lakini mama alikuwa hawezi tena kuketi bila kuegemezwa. Sikuweza kungoja. Nilivizungusha vidole vya kulia kwenye kikombe, kimoja kimoja, kisha kwa kushoto nikashika kifundo cha mkono kwa chini na kuubeba. Maziwa yalimwagika kwenye shuka yake. Mama alivipapasa vidole, akashuka mpaka akaugusa mkono wa kushoto uliojificha pale. Nikangoja anikatalie.

Akautoa, polepole. Akaweka wake mahali pale, akaubeba mkono wangu mpaka mdomoni kwake.

Alikunywa mafunda matatu. Tulimzika wiki hiyo hiyo.

Siku hizi nimerudi sokoni. Mkono wa kulia unainua kopo lililojaa, peke yake, bila kumwaga hata tone. Mwenye hoteli hunisifu mbele ya wateja, nami humwitikia vizuri. Hajui kwamba nina hasira na mkono huu. Umechelewa.