Nilivyoyasaidia mapafu yangu kupona, nikapoteza solo ya Sikukuu ya Mavuno

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sina rafiki wa kumsingizia.

Nina pumu tangu utoto. Naishi Bagara, hapa Babati mjini, chumba kimoja, nachangia na magunia sita ya mbaazi ya mama.

Mwaka huu kwaya ikanipa solo ya Sikukuu ya Mavuno. Mimi, ambaye siku zote napangwa nyuma ya spika!

Sasa mimi nikipewa kitu lazima kiwe bila kasoro. Nikaingia mtandaoni kujisomea mapafu.

Nikaelewa hivi: aleji ikiamka, seli za kinga zinamwaga kemikali kama histamini. Njia za hewa zinavimba, utando wa ndani unachubuka. Seli za pembeni zinatambaa kuziba kidonda, kama majirani wanaokuja kukandika ukuta. Kemikali zikizidi, ukarabati unavurugika. Ikijirudia sana, ukuta unabaki mnene na mgumu.

Wakuu, niliposoma "zinatambaa" nililala chali siku nne nisije nikaziangusha.

Nikamwambia dereva wa bodaboda, "Taratibu, nina mafundi kazini."

"Wako wapi, kaka?"

Nikamwonyesha kifua. Alinishusha kabla ya kufika.

Halafu nikaamua adui ni vumbi. Nikafagia dari, nikafagia kuta, nikakung'uta magunia yote sita, mlango nimeufunga ili vumbi la nje lisiingie. Asubuhi na jioni.

Kifua kikibana, nafagia zaidi.

(Inhela ya kuzuia, ile ya kuvuta kila siku hata kama hujabanwa, nilishaiweka kabatini zamani. Nilijiona mzima. Nisameheni.)

Jumapili kanisa limejaa mahindi, maboga na jogoo mmoja wa mnada. Nikafungua mdomo, ikatoka filimbi.

Jogoo akaitikia.

Mwalimu wa kwaya akampa ishara Mama Neema, jirani yangu, amalizie. Akapigiwa vigelegele.

Baadaye Mama Neema akanikuta nje navuta inhela ya dharura.

"Mwanangu, unafagia kavu, mlango umeufunga. Maji yameisha Babati?"

"Mama, nilikuwa nalinda seli."

"Seli gani? Usiku kucha nazisikia ukutani zinakohoa!"

Kesho yake daktari akauliza kuhusu inhela ya kuzuia. Nikakiri, na habari za mafundi nikamweleza.

"Hiyo ndiyo inayotuliza hizo kemikali, mafundi wako wafanye kazi. Uliiacha kwa sababu kifua kilikuwa kimya?"

Siku hiyohiyo nikaitoa kabatini.

Nilichojifunza: kujisomea ni kuzuri, ila dawa usiiache bila kumuuliza aliyekupa. Na futa kwa kitambaa kibichi, mlango wazi. Magunia yamehamia stoo kwa Mama Neema.

Yule jogoo mama yangu alimnunua mnadani. Anashinda mlangoni kwangu, nikifanya mazoezi anaitikia. Jana, kwa mara ya kwanza, nilimaliza ubeti mzima na pumzi ikabaki. Yeye ndiye aliyenyamaza kwanza.

Wenye pumu wenzangu, nyie mliwahi kufanya ujinga gani kwa nia njema? Semeni, aibu hii ni nzito kwa mtu mmoja.