Asante ya Kilimani

Niliingia kwenye uamuzi wa mbio za baiskeli kwa sababu nilichelewa kikaoni. Mwalimu mkuu alikuwa anatafuta mtu wa kumpeleka semina, na wenzangu waliowahi walikwisha kukubaliana kwamba mtu huyo ni mimi. Ndivyo mwalimu wa jiografia wa Lyamkena, mama mzima mwenye magoti yanayolia, alivyopelekwa Njombe kujifunza kuwasimamia watoto wanaokimbiza baiskeli nyepesi kama ungo.

Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Njombe ya mwezi wa saba haina mgeni wala mwenyeji. Tulikaa ukumbini na makoti yetu, kofia za sufu hadi kwenye nyusi. Mkufunzi alikuwa ametoka Dar es Salaam na alikuwa akizungumza huku amekumbatia kikombe. Akatuambia kwamba mwendeshaji akisukumwa na mtazamaji, ametoka mashindanoni, hakuna maelezo. Nikanyoosha mkono. Nikamwuliza kama anajua kwamba huku kwetu mtu akikukuta na baiskeli kilimani lazima akusukume.

"Mwalimu," akasema, "hizi ni mbio, si safari ya mashineni."

Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikacheka, ingawa nilikuwa nimeuliza kwa dhati.

Mtu aliyekulia tambarare hawezi kuelewa. Sisi tulipeleka mahindi kusaga kwa baiskeli, gunia kwenye keria, na vilima vyetu havina huruma. Unakokota, unahema, halafu ghafla mzigo unakuwa mwepesi. Hugeuki nyuma, maana ukigeuka baiskeli itayumba. Unajua tu kuna mtu ameshika keria, na unasema asante hata kabla hujajua ni nani. Siku moja nilisukumwa na mzee fulani hadi juu, nikaondoka kimya. Mama akasikia, akanichapa. Alisema asiyeshukuru kilimani ipo siku atabaki bondeni.

Miezi michache baadaye tukaitwa semina nyingine, safari hii Makambako, na mkufunzi mwingine. Huyu akaanza kwa kutuambia tusahau tuliyofundishwa. Kumbe sheria ilikuwa imebadilika. Sasa kusukumwa peke yake si kosa, kosa ni kukubali kusukumwa. Mwendeshaji anatakiwa akatae waziwazi, kwa mkono, kwa kichwa au kwa mdomo. Akikubali, anawekwa mwisho wa kundi alilofika nalo. Nikauliza, siku ya mbio nitajuaje kwamba hii ndiyo sheria ya mwisho? Akasema, "Utaambiwa." Nikaandika neno hilo, nikalipigia mstari, na hadi leo sijui kwa nini nililipigia mstari.

Mbio za wasichana zilikuwa za kutoka Makambako hadi Njombe, na watatu wa kwanza ndio wangeingia timu ya mkoa. Mimi nikapangwa kusimama kwenye kilima cha kwetu, pale anapoishi mama, eti kwa kuwa ninawafahamu watu. Waendeshaji waliotoka mbali tuligawana sisi walimu, na mimi nikapewa binti kutoka Mlangali. Mazoezi yake yalikuwa kupeleka maharage gulioni kwa baiskeli ya nyumbani, na ile ya mashindano alikuwa ameazimwa. Alikula kimya, akaosha vyombo bila kuambiwa. Nilipomwuliza anategemea nini kesho akasema, "Nikiingia timu, baba ataacha kuniambia baiskeli ni ya kaka."

Basi asubuhi nikawa kilimani, fulana ya njano juu ya koti, filimbi shingoni, redio ya upepo mkononi. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili. Nikawatangazia kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kibena, kwamba leo hakuna kusukuma mtu, anayesukuma anamharibia mwenzake. Wakaitikia, "Sawa, mwalimu." Mama alikuwa ameniletea chai kwenye chupa. Naye akaitikia sawa.

Wa kwanza alipita peke yake kama anayeteremka. Halafu wakaja watatu pamoja, mvua nyembamba imeanza, na kwenye kona ile kali nguvu zikawaishia. Baiskeli zikawa zinayumba. Unaona kabisa mtu anakaribia kuanguka. Pembeni yangu mama akaweka chupa ya chai kwenye majani, na kabla sijasema "Mama!" alikuwa ameshaingia barabarani.

Akaanza na wa mbele, binti wa mjini. Yule akapiga kelele, "Niache, bibi! Usiniguse!" Mama akamwachia. Akamshika aliyefuata, mikono miwili nyuma ya kiti, akamsukuma hatua kadhaa na kitenge chake kinaburuza majini. Alikuwa ni yule wa kutoka Mlangali. Hakugeuka. Kichwa chini, pumzi zimekatika, akasema, "Asante, bibi."

Nilimsikia. Laiti ningekuwa kiziwi kwa dakika ile moja. Mwamuzi mkuu, aliyekuwa kwenye gari la nyuma, naye alikuwa ameona kitu kwa mbali. Akaniita redioni.

"Kilimani, wamesukumwa?"

"Wawili wamesukumwa."

"Walikataa?"

"Mmoja amekataa."

"Na mwingine?"

"Ameshukuru."

Halafu akasema, "Basi amekubali," na kwa sheria alikuwa sahihi. Mimi nilibaki nimeishika redio, sielewi ni sheria gani hii inayompa nafasi aliyemfokea mama yangu na kumnyang'anya aliyemshukuru vizuri. Binti alifika Njombe wa pili. Matokeo yalipotangazwa alikuwa wa nne.

Nilishuka Njombe nikamkuta amekaa kwenye ukingo wa mtaro, viatu mkononi. Nilitegemea anitukane, na ningemwelewa. Akasimama akaniamkia, shikamoo yenye adabu zote, ndipo akauliza, "Mwalimu, sasa ningesemaje?"

"Ungesema niache."

"Kwa bibi?"

Mimi ndiye niliyechapwa kwa kutosema asante, sasa ninamfundisha mtoto wa mwenzangu asiseme.

Jioni mama aliniuliza yule mtoto mwenye adabu ameshika nafasi ya ngapi. Nikamwambia ya nne. Akasikitika kwelikweli. "Ningejua ningemsukuma zaidi," akasema, akaendelea kumenya viazi. Nilifungua mdomo nimweleze, nikaufunga. Ningeanzia wapi?

Mwaka uliofuata mbio zikarudi, nami nikapangwa kilima kilekile. Asubuhi, kwenye kikao cha waamuzi, mwamuzi mkuu akatangaza mabadiliko. Watazamaji wakisukuma, mwendeshaji hahusiki tena, akatae asikatae. Waandaaji ndio wataulizwa. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikauliza kama waendeshaji wameambiwa. Akasema makocha wao watawaambia.

Kilimani sikumtangazia mtu yeyote kitu chochote, maana hata mimi mwenyewe sikujua tena nitangaze nini. Mama alikuwepo, na chupa yake ya chai. Binti wa Mlangali alikuja wa tatu, peke yake, na alikuwa amechoka kuliko mwaka jana. Mama akamtambua kwa mbali, akafurahi, akaingia barabarani amenyoosha mikono.

"Toka, bibi! Usiniguse!"

Alirusha kiwiko, akapita. Mama akabaki katikati ya lami, mikono bado iko mbele. Akanigeukia mimi, kana kwamba fulana ya njano inajua kila kitu. "Nimemkosea nini?"

Nikamshika mkono nikamtoa barabarani. Mikono yake ilikuwa baridi. Hasira zilinipanda na sikuwa na wa kumkasirikia.

Binti alimaliza wa tatu, akaingia timu. Nilipomkuta Njombe alinikimbilia akicheka, jasho na matope usoni, na nilifurahi naye, sisemi uongo. "Mwalimu, umeniona? Safari hii nimekataa!"

"Nimekuona."

"Bibi hakukasirika?"

Nilifikiria kumdanganya. Lakini nilikuwa nimechoka na mambo yanayojulikana na watu wachache. Nikamweleza kwamba sheria ile imefutwa asubuhi, kabla hawajaanza, na kwamba leo kusukumwa hakukuwa na neno.

Kicheko kikamwisha taratibu usoni.

"Kwa hiyo leo ningeweza kumwambia asante?"

"Ungeweza," nikamwambia.