Hotuba Niliyomsomea Dokta Mbwana

Mpaka leo nikimwona mtu wa Kang'ata sokoni Korogwe najifanya nachagua nyanya hadi apite. Kwao mimi ni "yule mtani aliyelia", na Mnyamwezi kuitwa hivyo na Wazigua ni aibu isiyoisha, na jamani niwaambie ukweli, nilijitakia mwenyewe.

Baba yangu aliletwa Korogwe kukata mkonge, kwa hiyo nimezaliwa Mnyamwezi katikati ya Wazigua, watani wetu, na mnajua utani ulivyo: kwenye msiba wao sisi ndio tunaochekesha, tunamwigiza marehemu, tunazuia jeneza lisitoke, na ukiikwepa kazi hiyo umewadharau wafiwa. Sasa Dokta Mbwana, Mzigua wa Kang'ata, ndiye aliyenisimamia shahada ya uzamili chuo kikuu Dar es Salaam, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Wanafunzi wake tulikuwa sita, na kwake ubwabwa ulipikwa wa watu kumi na wawili (tulikula mara mbili mbili, sioni haya kusema). Nilipokwenda kufanya utafiti Kwaluguru alinipa baiskeli yake, naye akawa anakwenda kufundisha kwa miguu. Siku moja aliniambia, "Mtani, nikifa usithubutu kunililia. Uje unicheke." Nikamjibu, "Hutazikwa, maana nitalikalia jeneza." Alicheka mpaka akavua miwani. Namkumbuka hivyo, miwani mkononi, na kila nikimkumbuka hivyo natamani hata anifokee tu.

Alifariki akiwa likizo nyumbani kwao. Habari nilizipata asubuhi, kwa dereva wa lori pale Korogwe, na mazishi yalikuwa alasiri hiyohiyo. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo wa kijinga: nikajiambia mtu mwenye shahada mbili hawezi kwenda kurukaruka mbele ya jeneza la mwalimu wake, lazima isomwe hotuba. Nikaandika kurasa nne wakati lori linapakia magunia, nikaazima koti la suti kwa karani jirani yetu (lilikuwa dogo, mikono iliishia karibu na viwiko), nikapanda juu ya magunia na hotuba yangu mfukoni.

Msibani nilipokewa na dada yake mkubwa, Bibi Mwanaidi, aliyenilea wakati wa utafiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umechelewa, mtani. Ndugu yako anakusubiri umuudhi."

"Leo nimekuja kwa niaba ya wasomi, bibi."

Akalitazama lile koti, akatabasamu. Nikadhani ananionea huruma.

Nikasimama kando ya jeneza, nikakohoa, nikaanza: "Marehemu alikuwa mchambuzi makini wa mahusiano ya uzalishaji mali katika kipindi hiki cha mpito..." Mtu mmoja akacheka puani. Mzee mmoja akapiga makofi: "Loo! Mbwana huyo! Ndivyo alivyokuwa akisema akija likizo!" Basi, uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikapaza sauti, wakazidi. Nikasema, "Jamani, sitanii!" (na hivyo ndivyo mtani yeyote anavyosema), wakashika mbavu. Nikainua mkono kuwanyamazisha, koti likachanika kwapani, akina mama wakaanguka mikekani.

Ningeishia hapo ningekuwa nimemtimizia alichoniomba, japo kwa bahati tu. Lakini nilikuwa na hasira, na katika hasira hiyo macho yangu yakaliangukia jeneza, nikaona jinsi lilivyokuwa jembamba, nikaangua kilio. Wakacheka zaidi, maana kilio cha uongo nacho ni kazi ya mtani. Bibi Mwanaidi akanisogelea, akanishika shavu, akautazama mkono wake uliolowa.

"Nyamazeni," akasema. "Huyu analia kweli."

Kicheko kikakatika, kisha vilio vikaanza, akina mama, wazee, kila mtu, na Dokta Mbwana akatolewa nyumbani kwao kwa vilio. Yule mzee alipita karibu yangu na kuniambia, "Nafasi tulikupa wewe, mtani. Umeifanya nini?" Nikatozwa jogoo, na jogoo huyo alikuwa adhabu ndogo mno.

Baada ya mazishi bibi aliniita barazani. "Maneno yale ya karatasi sikuelewa hata moja. Hebu niambie, Mbwana alikufanyia nini?"

Nikamwambia kwamba wiki ya kukabidhi tasnifu niliugua malaria, na Dokta alikuja chumbani kwangu akapiga chapa sura mbili za mwisho kwa vidole viwili, huku akininywesha uji alioupika mwenyewe.

"Mbwana alipika uji?"

"Ndiyo, bibi. Ukaungua. Akasema ndivyo unavyopikwa Uziguani."

Alicheka kicheko kilichomtoka tumboni, akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, kisha akanitazama kwa huzuni. "Sasa hili mbona hukulisema, mtani? Hili ndilo tulilokuwa tunalingoja."

Tangu siku hiyo nimeapa sitaandika tena hotuba ya msiba, na kwa Wazigua nakwenda bila karatasi, nawachekesha mpaka wananiomba ninyamaze. Lakini yule mmoja aliyeniomba nimcheke alikwenda kwa vilio, na mazishi hayarudiwi.