Pembe Iliyokunjwa Bila Waya

Baba yangu hakuvuta tumbaku maisha yake yote. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo lililomponza.

Alikuwa fundi wa kukereza mbao. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chembamba ubavuni mwa nyumba yetu, mashine imesimama katikati, mkanda wake ukilalamika kila asubuhi kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Humo alikereza miguu ya viti, nguzo za vitanda, vipini vya patasi. Alikuwa na maneno machache na wasiwasi mwingi. Ukitaka kujua kama ana jambo, hukumtazama usoni, ulitazama sakafu. Akiwa na amani, vumbi la mbao lilikufika kwenye vifundo vya miguu. Akiwa na hofu, alifagia. Mama husema siku niliyozaliwa ungeweza kuandaa chakula kwenye sakafu ile.

Mtu aliyemfanya afagie kuliko wote alikuwa Babu, baba yake Mama. Babu alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu, mtu wa kola iliyonyooshwa hata siku ya kushinda nyumbani. Alitarajia mkwe wa ofisini, akaletewa kijana mwenye vumbi kwenye nyusi. Hakumkataa. Ila hakuwahi kumwita mwanangu. Alimwita "Fundi", kama mtu aliyempelekea stuli mbovu.

Siku ya kwenda kujitambulisha, Baba alibeba zawadi aliyoitengeneza mwenyewe: kiko. Bakuli lake alilitoa kwenye kisiki cha mti mgumu. Mrija aliutoa kwenye pembe ya ng'ombe, akautoboa tundu, akauchemsha kwenye maji na kuukunja kidogo, ili kiko kining'inie vizuri chini ya kidevu cha mzee. Babu alikipokea, akakigeuzageuza, akakitia mdomoni kikiwa kitupu, akasema, "Vizuri."

Neno hilo moja Baba aliishi nalo miaka ishirini na miwili. Kila tulipomtembelea Babu, macho yake yalikwenda kwanza kwenye mkono wa mzee. Akikiona kiko, mabega yalimshuka na chai ilimpita kooni.

Jumanne moja, nikiwa likizoni kutoka chuoni, Mama alirudi kutoka kwa Babu na kiko kile kimefungwa kwenye gazeti.

"Mzee anasema umtafutie mrija mwingine dukani," alimwambia Baba, akakiweka mezani. "Jumamosi anakuja kula hapa, atauchukua."

"Mwingine wa nini? Huu umevunjika?"

"Sasa umeziba kabisa."

"Si ausafishe tu?"

Mama alichukua kisu na kitunguu ambacho hakuna aliyekuwa amekihitaji bado. "Hausafishiki, baba watoto. Brashi haipiti. Haijawahi kupita."

Baba alitoa kicheko kifupi, akingoja mwenzake amalizie utani. Mama aliendelea kumenya.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipompa."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Anafyonza kile kiko kama mtoto aliyepewa chupa iliyoziba. Wewe ulidhani mashavu yale yamebonyea kwa uzee?"

Baba alichukua kiko, akatoka. Baada ya muda mfupi tukasikia ufagio.

Nilimfuata. Sakafu ilikuwa safi na bado alikuwa anafagia. Mrija ulikuwa juu ya meza ya kazi, na kando yake waya mwembamba, wa kwanza kati ya nyaya nne alizojaribu. Zote zilikuwa zimegota mahali pamoja, pale kwenye mkunjo.

"Nilitoboa kwa spoku ya baiskeli, nikiwa nimeinoa ncha," alisema bila kunitazama. "Sikuwa na kingine. Tundu lilikuwa dogo, lakini nilipuliza, pumzi ikapita. Halafu nikaukunja. Pembe ya moto ukiikunja bila kuacha waya ndani, inajibana tumboni. Kila mtu anajua."

"Na baada ya kukunja hukupuliza?"

Alinitazama kana kwamba chuo hakijanifundisha kitu. "Nilikuwa nimeshausugua na kuung'arisha. Ulishakuwa wa mkwe wangu. Ningetiaje mdomo wangu mahali atakapotia wake?"

Nilitaka kucheka, lakini uso wake ulinikataza. Heshima ilimzuia kupuliza pumzi moja, na pumzi hiyo moja sasa ilikuwa imemrudia.

"Aliposema vizuri," aliendelea, "alikuwa anavuta hewa ambayo haiji. Unaelewa? Alinionea huruma. Miaka yote hii mimi nakaa pale kitini najiona mtu, kumbe naonewa huruma."

Nilielewa basi kwamba hakuwa anahangaikia mrija. Alitaka lile neno liwe kweli, na alikuwa na siku nne.

Jumatano alikwenda dukani, akanunua mrija wa plastiki mweusi, mnyoofu, wenye tundu la kupitisha punje ya mchele. Uliingia kwenye bakuli kama ulizaliwa nalo. Aliutia mfukoni mwa shati na hakumwambia Mama. Alhamisi alianza na ule wa pembe.

Aliuchemsha kwanza, taratibu, akaunyoosha kwa vidole vilivyofungwa kitambaa. Kisha akaubana kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya ngozi, akachukua keekee ya mkono. Mashine, alisema, ingeipasha pembe moto na kuipasua. Alizungusha mara tatu, akatoa, akapuliza unga, akazungusha tena. Chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika taa. Sijui kwa nini kushika taa kulinichosha vile. Nadhani nilikuwa nabana pumzi pamoja naye.

Pembe nyembamba hupitisha mwanga. Ukiiweka dirishani mchana, ndani yake ni rangi ya chai ya rangi, na ncha ya chuma unaiona kama kivuli cha mdudu. Ijumaa adhuhuri Baba aliuinua mrija dirishani huku keekee ikiwa bado ndani, akaniita.

"Unaona?"

Niliona. Kivuli kilikuwa kimeacha njia. Kilikuwa kinaelekea ubavuni, na kati yake na nje pembe iliyobaki haikuzidi unene wa ukucha. Mbele yake ulisalia upana wa vidole viwili wa tundu lililobana.

"Nikizungusha mara mbili zaidi, imetoboka," alisema. "Nikiacha hivi, ni uleule."

Aliutoa kwenye jiliwa, akaufunga kwenye kitambaa, akachukua ufagio. Chakula cha mchana hakula, wala cha jioni.

"Mpe huo uliomo mfukoni," Mama alimwambia akipita na ndoo. "Ulidhani sijauona? Shati nafua mimi."

Jumamosi Babu alifika saa nzima kabla ya wakati. Hakwenda sebuleni. Alipita na fimbo yake moja kwa moja hadi mlangoni pa karakana, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, akachungulia.

"Mbona pako safi hivi? Hufanyi kazi siku hizi, Fundi?"

"Nafanya, mzee. Karibu." Baba alifuta stuli ambayo haikuwa na vumbi. Babu akaketi, fimbo katikati ya magoti.

Baba akatoa mrija wa plastiki, akauchomeka kwenye bakuli, akampa kwa mikono miwili. Babu aliutazama, akauvuta mtupu mara moja. Hewa ilipita kwa mluzi.

"Unapita," alisema. "Na ule wangu uko wapi?"

Baba aligeukia kile kitambaa mezani. Angeweza kusema ameutupa. Mzee mwenyewe ndiye aliyeomba wa dukani, na jambo lingeishia hapo. Alifungua kitambaa.

"Uko hapa. Niliukosea, mzee. Niliukunja bila waya ndani. Sikujua mpaka Jumanne. Nimejaribu kuurekebisha, nao umenishinda nusu ya njia."

"Kwamba umebana? Najua umebana. Mimi ndiye ninayeufyonza."

"Kwa nini hukuniambia?"

Babu alikuna kidevu. "Ningekwambiaje? Ulikuwa umesimama sebuleni kwangu unatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Nikasema nitamwambia mwezi ujao, akishazoea. Mwezi ujao nikakuta bado unatetemeka." Alimwelekezea fimbo. "Hata leo unatetemeka."

"Kwa hiyo uliposema vizuri..."

"Kwani kilikuwa kibaya? Nilisema vizuri, sikusema kinavutika." Alinyoosha mkono. "Lete hapa nione."

Aliuinua mrija dirishani, akafumba jicho moja. Macho yale yalikuwa yamesoma hati mbaya za mahakimu miaka thelathini.

"Umekwenda kulia," alisema.

"Nimeona, mzee."

"Kama umeona, mbona hukurudi kushoto? Funga hicho chuma chako. Mimi nitashika hapa, wewe zungusha, nikikwambia simama, simama."

Na ndivyo walivyofanya, Babu ameegemea kingo ya dirisha na mrija mkononi, kola yake ikijaa unga wa pembe, Baba akizungusha keekee kidogokidogo, jasho likimdondoka puani. "Kushoto. Nimesema kushoto, Fundi, hiyo kwenu ndiyo kushoto? Simama. Puliza." Baba alisita, mrija karibu na midomo yake. "Puliza, bwana, unaniogopa mpaka mate yangu?" Baba akapuliza. "Bado. Tena." Mama alikuja mlangoni kuita watu mezani, akatazama, akaondoka bila kuita.

Sijui ilikuwa mara ya ngapi Baba aliposukuma brashi na nyuzi zake nyeupe zikatokea upande wa pili, nyeusi tititi, zikiwa na masizi ya miaka ishirini na miwili. Ubavu wa mrija, pale kwenye mkunjo wa zamani, ulikuwa umebaki mwembamba kiasi kwamba ukiuweka juani uliona mwanga tu.

Babu alichomoa mrija wa plastiki, akachomeka wa pembe, akakijaza kiko palepale, akakiwasha, akavuta kama alivyozoea, kwa nguvu zote, mashavu yakizama. Moshi wote ukamwingia kwa mpigo, na majivu juu. Alikohoa mpaka fimbo ikaanguka, machozi yakamtoka, Baba akimpigapiga mgongo huku amebadilika rangi.

"Umeniua, Fundi!" alisema alipopata sauti. "Umeniua! Kumbe kinavutwa hivi?"

"Polepole, mzee. Sasa polepole."

Akavuta tena, kidogo, kama mtu anayeonja supu ya moto. Mashavu yalibaki mahali pake. Baba aliyatazama muda mrefu, kisha akatazama chini, kwenye unga wa pembe uliotapakaa sakafuni, akaenda kula bila kuufagia.