Daftari Zilizonipeleka Ng'ambo

Siku niliyoripoti kazini Kyuso, hedimasta aliisoma barua yangu ya kupangiwa shule mara mbili, kisha akaigeuza nyuma kuona kama kuna jingine limeandikwa.

"Kiswahili," alisema. "Mimi niliomba mwalimu wa hesabu."

"Mimi ndiye nimetumwa, mwalimu."

"Haya, ingia Form Two. Lakini ujue hapa Kiswahili ni ya kuongea na watu wa lori."

Hivyo ndivyo nilivyopokewa katika kazi niliyoifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Nyinyi walimu vijana mmekuta Kiswahili kikitahiniwa na kuheshimiwa. Sisi wa miaka ya sabini tulipewa vipindi vya alasiri, jua likiwa kali na wanafunzi wakisinzia. Wangu walikuwa watoto wa wafugaji na wakulima wa ndengu. Nyumbani walisema Kikamba, darasani Kiingereza, na Kiswahili walikisikia kwenye redio. Mimi nilikipata utotoni, mjini Mwingi, kwa majirani wetu Waislamu wenye duka. Mama wa duka hilo hakukuuzia hata chumvi mpaka uiombe kwa lugha safi.

Niwaeleze sasa kuhusu karatasi, maana ndizo zilizonitesa na ndizo zilizoniokoa. Mwalimu alikuwa na azimio la kazi, yaani mpango wa muhula mzima, na daftari la maandalio, ambamo kila kipindi kilikuwa na ukurasa wake: shabaha, vifaa, hatua za somo, na chini kabisa mistari miwili ya maoni. Hapo ulitakiwa kusema somo lilikwendaje. Karibu kila mwalimu niliyemjua aliandika jambo lile lile: "Somo limefaulu. Shabaha imetimia." Wengine waliijaza mistari hiyo Jumapili jioni, kwa masomo ya wiki ambayo haijaanza!

Mimi niliandika ukweli. Sijui kama ulikuwa ujinga au ukaidi. Mama yangu angesema ni ukaidi. Nakumbuka ukurasa mmoja wa mwaka wangu wa kwanza. Kitabu kilitupa habari ya bandari, na hakuna mtoto darasani aliyekuwa ameona maji mengi kuliko ya bwawa. Kipindi kizima kiliishia kwenye kueleza nanga. Nikaandika: "Somo halikufaulu. Kosa ni langu." Siku ya pili, ambayo ilikuwa ya mnada, niliwatoa wote hadi soko la mbuzi. Wanunuzi kutoka Mwingi walikuwa wakibishana na akina mama wetu kwa Kiswahili, kila upande ukitaka kumshinda mwenzake. Tuliporudi darasani, wasichana waliokuwa hawafungui kinywa walikuwa wakiuziana mbuzi wasiokuwepo kwa kelele, hata hedimasta akaja kuchungulia dirishani.

Mkaguzi wa shule alipokuja, alisoma daftari zangu huku akitikisa kichwa.

"Mwalimu, hii ni nini? Unajiandikia mashitaka wewe mwenyewe?"

"Ni maoni, bwana mkaguzi."

"Maoni ni kusema somo limefaulu. Hii ikifika wilayani, nani atakupa promosheni?"

Hakuna aliyenipa. Wenzangu walipandishwa vyeo, mimi nikabaki pale pale. Wakanibandika jina, Mwalimu Halikufaulu, na nikaitika.

Baada ya miaka saba nilihamishwa hadi shule moja ya wasichana upande wa Makueni, karibu na mji mdogo wa Salama, kando ya barabara kuu. Hedimistresi wetu alikuwa mama wa kanisa, mkali, mwenye kusahihisha hata namna ulivyoketi. Huyo ndiye aliyeniita ofisini siku waraka wa wizara ulipofika. Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilitafuta mwalimu mmoja kutoka Kenya nzima, asomee shahada ya pili kwa miaka miwili huku akiwafundisha wanafunzi wa huko Kiswahili. Mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano. Mimi nilikuwa nimebakisha miezi minne niupite umri huo.

Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka. Nilikuwa nikiota kusoma tena tangu siku niliyovua joho la mahafali, na mlango huo sasa ulikuwa unafungwa mbele ya macho yangu. Chumba cha walimu kilicheka. "Mkamba akafundishe Kiswahili ng'ambo? Na watu wa Mombasa waende wapi?" Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Fomu ilitaka mambo ya kawaida, na moja lisilo la kawaida: daftari za maandalio. Hedimistresi alizifungua mbili tatu, akavua miwani.

"Syombua, hizi hatuwezi kupeleka. Kila mahali halikufaulu, halikufaulu. Nunua daftari mpya, uandike yote upya vizuri. Mimi nitasaini."

Alinitakia mema. Jumamosi ile nilikaa na daftari mpya na kalamu mbili, nikaanza kunakili. Mkono ulienda haraka: limefaulu, limefaulu, limefaulu. Nilipofika kwenye somo la bandari nikaandika limefaulu pia. Kisha nikafungua ukurasa uliofuata, wa mnada, nikakwama. Kama somo la bandari lilifaulu, niliwapeleka watoto kwa mbuzi kufanya nini? Nilijaribu kutunga sababu, nikashindwa. Kila somo zuri nililowahi kufundisha lilitokana na lililoharibika kabla yake. Nikifuta mabaya, mazuri nayo yanaonekana kama ya mtu aliyepotea njia. Nilichana kurasa zile mpya zote.

Jumatatu nikamwambia, "Madam, zitaenda hivi hivi."

"Ukikosa, usikuje kulia kwa hii ofisi."

"Sitakuja, Madam."

Alisaini. Kwenye nafasi ya neno la mkuu wa shule aliandika: "Mwalimu huyu ni mkweli kupita kiasi." Barua za serikali zilikwenda kwa ngazi, kutoka shule hadi wilayani hadi wizarani, na kila ngazi ingeweza kuniangusha. Nilingoja wiki tisa. Kisha nikaitwa Nairobi.

Tulikuwa waombaji sita. Watano walikuwa wazaliwa wa pwani, na niliwasikia wakisalimiana pale kwenye benchi. Kiswahili chao kilikuwa kitamu hivi kwamba nilitamani kurudi Salama siku ile ile.

Ndani walikaa watu watatu: profesa mzee wa pwani, afisa wa wizara, na mama Mzungu kutoka kile chuo, aliyekuwa Kenya kwa siku tatu tu. Daftari zangu zilikuwa mezani. Profesa akasoma kwa sauti: "Somo halikufaulu. Kosa ni langu." Akaniangalia.

"Mwalimu, kwa nini umetuletea haya?"

"Kwa sababu ukurasa unaofuata hauna maana bila huo, profesa."

Akafungua unaofuata, ule wa mnada. Akausoma hadi mwisho.

"Huyu mama hajui hata neno moja," alisema, akionyesha Mzungu. "Tuna dakika kumi. Mfundishe."

Sikufikiri. Nilisimama nikasema, "Profesa, samahani, wewe ndiwe mwenye mbuzi." Koti lake lilikuwa kitini, nikalifanya mbuzi. Nikamwonyesha mama kupapasa mgongo na kukagua meno. Nikamtamkia, naye akafuata: mbuzi, bei gani, ghali, punguza. Profesa aliingia kwenye mchezo kwa moyo wote, akaapa kwamba mbuzi yule ni wa ukoo mkubwa na hauzwi kwa mzaha. "Ghali!" mama akasema. "Punguza!" Profesa akakataa. Basi nikamfundisha lile linalojulikana na kila mama wa Kyuso: mpe mwenye mbuzi mgongo, uondoke. Alifika mlangoni. Profesa akapaza sauti, "Mama, rudi tuongee!" Afisa wa wizara akafuta machozi ya kicheko.

Profesa alipotulia, aliwaambia wenzake mbele yangu: "Wale wote wanajua Kiswahili. Huyu anajua namna mtu asiyekijua anavyokipata."

Barua ya kwamba nimechaguliwa ilisomwa gwarideni, wanafunzi wote wakiwa wamejipanga uwanjani. Wasichana walipiga vigelegele hadi madereva wa barabara kuu wakapunguza mwendo. Na hedimistresi wangu, Mungu ambariki, alitangaza kwa shule nzima: "Mimi ndiye nilimwambia azipeleke hivyo hivyo!"

Nilikwenda. Somo langu la kwanza huko liliharibika vibaya, na jioni ile nililiandika bila woga wowote. Nilirudi na shahada, nikawa mkufunzi wa walimu Kitui, na baadaye mkaguzi, hadi nilipostaafu.

Wenzangu kanisani husema Mungu alinifungulia mlango, nami sikatai. Majirani husema nilikuwa na bahati. Sisi wanawake wa enzi zile tulifundishwa kuinamisha kichwa na kujibu kwamba ni kweli, ilikuwa bahati tu. Nimejibu hivyo miaka mingi, kwa adabu, na nimechoka. Tulikuwa sita kwenye benchi lile, na mimi ndiye niliyestahili.