Ngoma Tulizopiga Tukiingia Kabonga

Mtumbwini tulikuwa wanne: baba mpiga ngoma, mama mwimbaji, shangazi yangu wa kayamba, na mimi mutoto. Majina yao ninayo, ila siyaandiki. Wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, tulitoka Rumonge tukizunguka arusi za vijiji vya ziwani, na desturi yetu ilikuwa kuanza kupiga tukiwa bado majini. Tulifika Kabonga hivyo. Mwenyeji wetu, aliyetuita kupiga arusini kwao, akaingia majini mbio, akashika mtumbwi.

“Nyamaza, ndugu yangu. Bibi arusi amekufa alfajiri. Tunamwosha.”

Mama alikwenda kuomba radhi kwa mama wa marehemu. Akajibiwa kutoka ndani: “Si wewe uliyekuwa unaimba? Basi maliza wimbo wako.”

Tangu hapo tulifika kila kijiji kimya, baba akishuka kwanza kuuliza habari.

Kama kuna mtu wa Kabonga anayekumbuka vingine, anisahihishe.